Wanarudi kwao, sasa shida iko wapi? Familia za wanajeshi wa Marekani baada ya miaka ya ng'ambo

Kila inaporipotiwa kwamba Marekani inapunguza askari wake Ujerumani au inapanga upya kambi zake za Japani na Korea Kusini, mazungumzo hukimbilia siasa: nani kamkasirikia nani, na ulinzi wa Ulaya utakuwaje. Familia zinazofungasha virago hupewa sentensi moja, na wengi wetu huimaliza habari kwa swali: si wanarudi kwao, sasa shida iko wapi?

Swali hilo si la kijinga. Hata ndugu wa familia hizo huliuliza, wakiwemo wazazi wa Afrika Mashariki ambao vijana wao walijiunga na jeshi hilo. Mtoto alikuwa akituma picha za kucheka kutoka Ujerumani. Tangu arudi Texas, kila simu ni malalamiko. Mzazi anabaki kujiuliza kama kuna jambo linafichwa.

Ili kulijibu, kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku yote huitwa "mwanajeshi amerudi". La kwanza ni kurudi kutoka operesheni: askari ametumwa peke yake kwa miezi kadhaa, familia imebaki nyumbani ikimsubiri. Zile video za baba mwenye sare anayemshtukiza mwanawe darasani hutoka hapa. La pili ni kuachana na jeshi kabisa, kwa kustaafu au mkataba kwisha. La tatu ndilo tunalolizungumzia: familia nzima imehamia ng'ambo pamoja na askari, imepanga nyumba, imesomesha watoto, imepata majirani, kisha amri ya uhamisho ikaja na wote wakarudi. Kwa kawaida zamu ya Ujerumani au Japani ni miaka 3 kwa askari mwenye familia, na miaka 2 kwa aliye peke yake. Wenyewe huuita uhamisho huo PCS, na utalisikia neno hilo mara kumi kabla chai haijapoa.

Kuchanganya la kwanza na la tatu ndiko kulikozaa dhana iliyoenea kuliko zote, kwamba familia ikipata taabu baada ya kurudi basi askari "amevurugwa na vita". Karani aliyekaa miaka 3 katika ofisi ya vifaa huko Kaiserslautern, Ujerumani, huenda hajasikia mlio wa bunduki nje ya uwanja wa mazoezi. Maradhi ya akili yatokanayo na vita yapo na yana matibabu yake, lakini hata kwa waliopigana kweli huwapata wachache kuliko watu wanavyodhani. Taabu tunayoieleza hapa ni nyingine, na kuipa jina la ile ni kuwakosea wote wawili, mgonjwa na asiye mgonjwa.

(Kwa taarifa tu: kwa kanuni nyingi za jeshi hilo, Alaska na Hawaii nazo huhesabiwa kuwa ng'ambo, ingawa ni majimbo ya Marekani. Kwa hiyo ukisikia familia "imerudi kutoka ng'ambo", usishangae kukuta ilikuwa Honolulu.)

Walikoishi palikuwa wapi hasa?

Dhana ya pili ni kwamba familia hizi huishi ndani ya Marekani ndogo iliyozungushiwa ukuta, kwa hiyo hakuna cha kuzoea wala cha kuzoea upya. Nusu yake ni kweli. Eneo la Kaiserslautern, pamoja na kambi ya anga ya Ramstein, lina jamii ya Wamarekani wapatao 50,000, ambayo hutajwa kuwa kubwa kuliko nyingine yoyote nje ya nchi yao. Kambini kuna duka la vyakula vya kwao linalouza kwa dola. Kuna shule za DoDEA, mfumo wa shule za Wizara ya Ulinzi ulioanza ng'ambo mwaka 1946 na ambao leo una shule zipatazo 160. Kuna hospitali ya jeshi ya Landstuhl. Televisheni ya jeshi, AFN, hurusha vipindi vya Marekani lakini haina matangazo ya biashara. Mahali pake huwekwa mawaidha ya kuweka akiba, kufunga mkanda wa gari na kutoropoka siri mitaani. Jioni bendera inaposhushwa, muziki hupigwa kwenye vipaza sauti, magari yote barabarani husimama, na mtoto aliyekuwa akiendesha baiskeli hushuka na kugeukia upande wa bendera.

Nusu ya pili iko nje ya geti. Wengi hupanga nyumba vijijini, kati ya Wajerumani. Hujifunza kwamba Jumapili maduka hufungwa na kelele za mashine ya kukata nyasi ni ugomvi na jirani. Hujifunza kupanga taka kwa rangi ya pipa. Watoto wao hupanda basi na treni peke yao. Kwa hiyo mtoto aliyekaa huko miaka 3 hiyo hakulelewa Marekani ndogo, wala hakulelewa Ujerumani. Msomi wa Marekani Ruth Useem, aliyeanza kuchunguza familia za namna hii nchini India miaka ya 1950, aliwaita watoto wa utamaduni wa tatu: si wa wazazi, si wa wenyeji, bali ule unaozaliwa katikati.

Kwa nini kurudi kunaweza kuuma kuliko kuondoka

Ukiingia nyumba usiyoizoea gizani, unapapasa ukuta na kwenda polepole. Ukiingia chumba chako mwenyewe unatembea bila wasiwasi, na kama kuna aliyesogeza meza ulipokuwa haupo, ndipo unapoumia goti. Huumii kwa kutojua njia. Unaumia kwa sababu unaijua.

Mwanasosholojia Alfred Schutz, aliyewahi kuwa askari wa Austria katika Vita Kuu ya Kwanza, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1945, wakati mamilioni ya askari wakijiandaa kurejea makwao. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba anayerudi hutarajia kuendelea pale alipoachia, ilhali nyumbani hakukumsubiri: kumeendelea bila yeye. Na yeye pia si yule aliyeondoka. Pande zote mbili zinamkumbuka mtu asiyekuwepo tena.

Miaka kumi baadaye, mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, alieleza hali ya Wanorwe waliokwenda Marekani kimasomo: mwanzo furaha, kisha kushuka, kisha kupanda tena wanapozoea. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza kwamba mteremko huo hurudia mara ya pili mtu akifika kwao. Mchoro wa hali hiyo, wenye mabonde mawili, umekuwa maarufu mno katika semina za kuwaandaa wanaorudi, na binafsi naona umetumiwa kupita uwezo wake. Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa watu wengi hawafuati mstari huo. Wapo wanaoshuka siku ya kwanza, wapo wasioshuka kabisa. Unachosaidia ni kuondoa aibu: kushuka baada ya kurudi ni jambo lililokwisha kuonwa na kuandikwa zamani.

Tofauti kubwa zaidi iko kwa watu wa pembeni. Ukienda nchi ya kigeni, kila mtu anategemea utakosea, na anakusamehe. Ukirudi kwenu, hakuna anayetarajia ukosee. Mama aliyesimama dukani akishangaa kwa nini bei ya kwenye kaunta imezidi ile ya kwenye rafu hana pa kujitetea. Ujerumani kodi huwa imeshaingizwa kwenye bei unayoiona. Katika sehemu kubwa ya Marekani huongezwa wakati wa kulipa. Alilijua hilo kabla ya kuondoka. Mwili wake ulikuwa umelisahau.

Familia moja, marejeo manne

Tuchukue mfano wa kubuni ili mambo yakae mahali pake. Sajenti wa jeshi la nchi kavu, mkewe ambaye ni mwalimu, binti yao na mdogo wake wa kiume waliondoka Killeen, Texas, mwaka 2021 na kurudi hapo hapo mwaka 2024. Binti alikuwa na miaka 11, sasa ana 14. Mvulana alikuwa na 3, sasa 6.

Kambi waliyoiacha iliitwa Fort Hood. Waliporudi, geti ni lile lile, bango linasema Fort Cavazos, jina lililowekwa mwaka 2023. Mwaka 2025 jina la Hood likarudishwa, safari hii kwa heshima ya Hood mwingine kabisa. Ramani ya simu ilichelewa kila mara.

Baba ndiye anayepata nafuu ya mapema, na hili husahaulika. Kesho yake anavaa sare ile ile, anapiga saluti kwa vyeo vile vile, anakula kwenye meza ya watu wanaocheka vichekesho anavyovijua. Kazi yake imesafiri naye. Akirudi jioni na kukuta nyumba imenuna, huona kama wenzake wanadeka. Ugomvi mwingi wa miezi ya kwanza huanzia hapo, na hauna mkosaji.

Mvulana wa miaka 6 harudi popote. Kwake Texas ni hadithi za wazazi. Nyumbani ni kijiji kile chenye kengele za kanisa na bibi jirani aliyekuwa akimpa peremende. Anapoambiwa "tumefika nyumbani", anasubiri kwa adabu, kisha siku chache baadaye anauliza lini wanaondoka. Mzazi huchomwa moyo na swali hilo, lakini mtoto hakukosea. Yeye amehamia nchi mpya, na anastahili kupokewa kama anayehamia.

Binti ana lake. Ujerumani, tangu Mei 2023, tiketi ya euro 49 kwa mwezi ilimruhusu mtu kupanda mabasi na treni za mikoa nchi nzima. Akiwa na miaka 13 aliweza kwenda mjini na rafiki zake Jumamosi na kurudi kabla ya giza. Killeen bila gari huendi mbali, na yeye hana umri wa kuendesha. Ndiyo kusema kwamba amekua kwa mwaka mmoja na uhuru wake umepungua. Wakubwa humwona mkaidi. Halafu kuna marafiki wa zamani, wale aliowaacha darasa la tano. Wapo, wanamsalimu, wanamuuliza "Ujerumani kulikuwaje?" na kabla hajamaliza jibu wameshageukia mambo ya timu yao. Hawana ubaya. Ila akisimulia treni na milima ya Alps anaonekana anajivuna, kwa hiyo anajifunza kunyamaza. Shuleni kwake Kaiserslautern kila mtu alikuwa mgeni au aliwahi kuwa, na mwanafunzi mpya alikuwa jambo la kila wiki. Hapa wengine wamesoma pamoja tangu chekechea. Inakadiriwa kwamba mtoto wa mwanajeshi wa Marekani huhama mara 6 hadi 9 kati ya chekechea na kidato cha mwisho. Uzoefu huo humfundisha kuanza urafiki haraka, si lazima kuudumisha.

Upande wa masomo angalau kuna sheria. Mkataba wa majimbo kuhusu elimu ya watoto wa wanajeshi, ambao kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 yalikuwa yameuingia, unazitaka shule za umma zimpokee mtoto kwa nakala za matokeo alizobeba mzazi mkononi, zimweke darasa alilotoka, na zimpe siku 30 za kukamilisha chanjo. Shule binafsi hazimo. Mzazi mwenye nakala mkononi hana sababu ya kukubali "tusubiri barua kutoka Ujerumani".

Mama ndiye ninayemwona amebeba mzigo usioonekana. Ng'ambo, kazi ya mwenzi wa askari hufungwa na mkataba kati ya Marekani na nchi mwenyeji pamoja na uchache wa nafasi kambini, kwa hiyo wengi hukaa bila kazi ya fani yao. Anaporudi ana pengo la miaka 3 kwenye wasifu wake. Januari 2023 ilisainiwa sheria ya shirikisho inayoruhusu leseni ya taaluma ya mwenzi wa askari itambuliwe katika jimbo jipya anakohamishiwa, na wengi walishangilia, kwa haki. Lakini sheria hiyo ilipoanza ilitaka leseni iwe imetumika ndani ya miaka 2 kabla ya kuhama. Kwa mtu aliyetoka ng'ambo ambako hakuweza kuitumia, sharti hilo lilikuwa ukuta.

Pesa: "si kwao ni rahisi?"

Wengi hudhani familia iliyotoka Ulaya ghali itapumua ikifika Texas. Mara nyingi hutokea kinyume, na sababu ni jinsi posho zinavyopangwa. Ng'ambo askari hupata posho ya nyumba iitwayo OHA, inayofuata kodi halisi anayolipa hadi kikomo fulani, pamoja na nyongeza ya maji na umeme. Juu yake mara nyingi kuna posho ya gharama za maisha. Akirudi Marekani bara, hiyo ya gharama za maisha kwa kawaida hukoma, na ya nyumba hubadilika kuwa BAH, kiasi kisichobadilika kinachopangwa kwa cheo, eneo na kama ana familia. Kodi ikizidi, anajazia mwenyewe.

Kisha soko nalo limehama. Mwaka 2021 riba ya mkopo wa nyumba wa miaka 30 ilikuwa karibu asilimia 3. Mwaka 2024 ilikaribia 7. Kwa mkopo wa dola 250,000, malipo ya mwezi bila bima na kodi yanatoka takriban dola 1,050 hadi zaidi ya 1,600. Familia iliyokuwa ikisema "tukirudi tutanunua" inarudi na akiba ile ile na nyumba iliyowakimbia.

Vitu vidogo humalizia. Serikali husafirisha gari moja. La pili huuzwa kwa bei ya kutupa kwa anayeingia. Gari lililonunuliwa Okinawa, Japani, lenye usukani kulia na lisilotengenezwa kwa viwango vya Marekani, kwa kawaida haliruhusiwi kuingia hadi litimize miaka 25. Vifaa vya umeme vya volti 230 hubaki Ujerumani. Samani ziko melini kwa wiki nyingi, na familia inakula kwenye meza ya kukunja. Mbwa ana masharti yake: tangu Agosti 2024 lazima awe ametimiza miezi 6 na awe na chipu ya utambulisho. Kwa bahati nzuri, tangu mwaka huo jeshi hurudisha hadi dola 2,000 za kumsafirisha.

Aliyezaliwa kambini, na aliyeolewa na askari

Hapa kuna dhana mbili sugu, na zote zinawahusu Waafrika Mashariki walio katika jeshi hilo.

Kambi ya Marekani nje ya nchi si ardhi ya Marekani kwa habari ya uraia. Mtoto aliyezaliwa Landstuhl hapati uraia kwa sababu ya bendera iliyo juu ya paa la hospitali. Anaupata kupitia wazazi. Mzazi mmoja akiwa raia na mwingine si raia, yule raia anatakiwa awe ameishi Marekani kwa muda wa miaka 5 kwa jumla kabla ya mtoto kuzaliwa, 2 kati yake baada ya kutimiza miaka 14. Utumishi wa jeshi wenye heshima huhesabiwa humo, hata akiwa kituo cha ng'ambo. Wazazi huomba ubalozi au ubalozi mdogo cheti cha kuthibitisha kuzaliwa kwa raia nje ya nchi. Kisipochukuliwa mapema, msako wa karatasi hufanyika baadaye, wakati mtoto anapotakiwa pasipoti au shule.

Mwaka 2019 tangazo la idara ya uhamiaji lilizua taharuki kwamba watoto wa askari walioko ng'ambo wananyang'anywa uraia. Hali halisi ilikuwa finyu zaidi: liligusa hasa watoto ambao hawakuzaliwa wakiwa raia, kwa mfano wa kuasili, na lilihusu njia ya kuupata uraia. Machi 2020 sheria mpya ilirekebisha jambo hilo. Taharuki imedumu kuliko tangazo.

Ya pili: kuolewa na askari hakumpi mtu uraia wala haki ya kuingia papo hapo. Mke Mjerumani au Mjapani anahitaji viza ya uhamiaji kabla ya safari, na maombi yanaweza kuchukua miezi mingi wakati amri ya uhamisho ina tarehe. Katika familia kama hiyo mume anarudi, mke anahama nchi yake, lugha yake na mama yake. Kuwaambia wote wawili "karibuni nyumbani" ni salamu inayomfikia mmoja.

Msaada unafika lini

Msaada upo. Military OneSource hutoa ushauri wa bure, hadi vikao 12 kwa suala moja, nje ya faili la matibabu la jeshi, na hilo ni muhimu kwa askari anayeogopa kuonekana dhaifu. Kambi huwa na afisa wa kuunganisha familia na shule. Bima ya afya, TRICARE, huwapa wanaohama siku 90 za kubadilisha mpango wao.

Tatizo ni wakati. Msaada mwingi hutolewa wiki za kwanza, familia ikiwa hotelini inatafuta nyumba na haina nafasi ya kuhisi lolote. Uzito huja mizigo ikishafunguliwa, baba akishazoea kazi na wageni wakishaacha kupiga simu. Kama una ndugu katika hali hiyo, simu ya mwezi wa tano ina maana kuliko ya siku ya kutua. Usimuulize kama amefurahi kurudi, maana jibu moja tu ndilo litakalokubalika. Muulize anakosa nini cha kule, na umwache ataje hata mkate.

Kuna pia saa inayotembea. Binti wa mfano wetu ataingia mwaka wa mwisho wa sekondari vuli ya 2027, miaka 3 baada ya kurudi, yaani wakati ule ule amri nyingine inapoweza kufika. Jeshi la nchi kavu lina utaratibu wa kumwacha askari kituoni hadi mtoto amalize mwaka huo, lakini ombi lazima liwasilishwe kabla mtoto hajauingia. Baba anayeona kila kitu kimetulia ndiye anayechelewa kuliandika.